Koti la Studio

Mbinga, Jumapili alasiri

Mwanangu Kanisia,

Wewe na mama yako mmekwenda Mapera kumuaga bibi, na najua hamtarudi kabla ya jua kuzama, maana bibi yako hajawahi kumwacha mgeni aondoke bila kula mara mbili. Nimebaki peke yangu studio. Nimefunga mlango wa mbele, nimeketi kwenye kiti cha wateja, na daftari nimeliweka magotini. Kesho asubuhi basi linakuchukua kwenda chuoni, na mimi na wewe hatujazungumza wiki tatu.

Tumekuwa tukisemeshana kwa mdomo wa mama yako. "Mama, mwambie baba maji ya kuoga yako tayari." "Mwambie mwanao nimesikia." Juzi alichoka, akaweka mwiko chini akasema, "Mimi si posta." Wewe ulitoka nje, mimi nikajifanya natafuta miwani. Nilitaka kucheka, nikaona aibu kucheka peke yangu.

Mambo ya shuka, sabuni, na kutokula vya barabarani mama yako ameyamaliza. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina deni la maneno, na sina kifua cha kuyasema uso kwa uso, kwa hiyo nayaandika. Nitaanzia mbali, uvumilie.

Nilifungua studio hii wakati bidhaa zilipoanza kurudi madukani. Wewe hukuyaona maisha ya kabla yake. Sabuni ilikuwa habari ya kunong'onezana. Mtu akisikia imeshushwa duka la ushirika, anaacha chungu motoni na kukimbia. Tulivaa kiraka juu ya kiraka mpaka mtu akasahau rangi ya shati lenyewe. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa, na katika misimu michache ya kahawa mji ukajaa mitumba, redio za kaseti, saa za mkononi na sufuria zinazong'aa. Watu waliokaa miaka mingi bila kitu walitaka kuonekana na kitu. Sikuwalaumu wakati ule, na leo pia siwalaumu.

Mimi nilikuwa na kamera aliyoniachia mjomba, na nilikuwa na jicho la biashara. Nilimtafuta fundi wa kuchora mabango kutoka Songea, akanichorea pazia lile unalolijua: sebule yenye makochi mekundu, televisheni, na friji lililo wazi mlango, limejaa soda na machungwa. Wakati huo Mbinga nzima ungeyahesabu mafriji kwa vidole vya mkono mmoja, tena mengine yalitumika kama kabati. Koti nililinunua siku walipofungua robota la mitumba sokoni, koti jeusi la mabega mapana. Ndani ya kola kulikuwa na kitambaa kidogo kilichoshonwa jina la mtu, jina la kizungu, mtu ambaye sitamjua kamwe. Redio alinipa jirani yangu Bi Zuhura mwenye duka, yeye ambaye wazee wake walikuja huku na biashara kutoka Lindi. Ilikuwa imekufa na kutolewa matumbo, lakini sura yake ilikuwa nzima.

Watu walikuja, Kanisia! Walishuka kutoka milimani baada ya kuuza kahawa, miguu ina vumbi, nikawavika koti, nikawapa redio mapajani. Msimu ukiisha huku juu, nililikunja pazia nikapanda lori mpaka Mbamba Bay, nikalitundika ukutani karibu na ziwa. Wavuvi walitoka majini, wakajifuta, wakaingia kwenye koti lile lile. Picha zile zilitumwa kwa ndugu walioko mbali, na mara nyingine ndugu walifunga safari kuja kuazima redio waliyoiona. Tulicheka sana habari hizo. Mimi nilicheka zaidi ya wote.

Kule ziwani kuna mama mmoja simsahau. Alikuja na beseni la dagaa wa usipa kichwani, akalitua miguuni, akasimama wima mbele ya pazia. Nikamwambia, "Mama, sogeza beseni, linaharibu picha." Akaniangalia. "Linaharibu vipi, na ndilo lililoninunulia hii picha?" Nikamwambia samaki na makochi haviendani. Alilisogeza, akapigwa picha na redio. Alipokuja kuichukua aliitazama muda mrefu, akasema asante kwa sauti ya mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake. Mimi nikaona ni mshamba. Tazama nilivyokuwa.

Sasa nifike kwa babu yako.

Babu yako alikuja studio mara moja tu maishani mwake. Alitembea kutoka Mapera, alifika jasho linamtoka, na mkononi alikuwa na mkasi wake wa kupogolea kahawa. Unaukumbuka, ule uliokuwa na mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Alikuwa haachani nao. Nilimwamkia, nikampa maji, akasema, "Nataka picha moja. Mimi na mkasi wangu."

Niliona haya. Ndiyo, niandike neno lenyewe: nilimwonea haya baba yangu. Nje kulikuwa na wateja wanasubiri, nikawaza watasema mpiga picha ameshindwa hata kumvisha baba yake mzazi. Nikauchukua mkasi kutoka mkononi mwake nikauweka dirishani. Nikamvika koti. Mikono ilizidi, nikaikunja kwa ndani. Nikamfunga saa isiyotembea, nikamwekea redio mapajani.

Akaigusa redio. "Inaongea hii?"

"Haiongei, baba. Ni ya picha tu."

"Kwa hiyo na mimi ninyamaze?"

"Ndiyo, baba. Tena usicheke."

Akanyamaza, hakucheka, nikafyatua. Alivua koti mwenyewe, akalikunja vizuri kuliko nilivyokuwa nalikunja mimi, akachukua mkasi wake akarudi Mapera kwa miguu. Picha ile alipoletewa, bibi yako aliniambia baadaye, aliiweka chini ya godoro. Na maneno ya bibi siku hiyo yalikuwa haya: "Nguo ya kuazima haisitiri matako." Alimwambia mumewe, lakini alikuwa ananiambia mimi.

Ulikuwa na miaka minane babu alipofariki. Tuliihitaji picha ya kuweka juu ya jeneza, na picha ilikuwa ile moja. Niliikuza, nikaiwekea fremu, nikaibeba mwenyewe mbele ya watu. Bibi yako alisogea kumuaga mumewe, akaitazama fremu, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wanakwaya: "Huyu ni nani?"

Watu waliinamisha vichwa. Mimi nikamshika mkono nikawaambia waombolezaji kwamba mama amechanganyikiwa na msiba. Nimesema hivyo miaka yote. Wewe mwenyewe umelelewa ukijua kwamba bibi, siku ya mazishi, alichanganyikiwa hata asimtambue babu.

Kanisia, bibi yako hakuchanganyikiwa. Aliuliza swali la mtu mwenye akili timamu, na kila mtu pale alijua hivyo, na mimi nilimfanya mama yangu mwendawazimu mbele ya watu ili koti langu lisiulizwe. Leo ukiwa kwake huenda amekuambia. Kama hajakuambia, ni kwa sababu ananisitiri, na sistahili.

Nilidhani jambo lile limezikwa. Halafu ikafika siku ya mavuno, uwanja wa kanisa, wiki tatu zilizopita.

Uliniomba pazia la zamani, nikakuambia chukua, nikidhani utalifanya kivuli cha kuuzia vitumbua. Hukuniambia utalikata. Nilifika mchana nikitokea kupiga picha za ndoa, nikaona watu wamejaa upande wa mparachichi, wanacheka, wengine wamenyamaza. Nikapenya. Nikaona sebule yangu imekatwa vipande. Kochi kivyake, televisheni kivyake, friji kivyake, kila kipande kinaning'inia kwenye fremu ya miti kwa kamba yake, kamba imepitishwa kwenye kibiringo cha uzi. Redio ya Bi Zuhura na ile saa navyo vina kamba zao. Mbele umesimamisha kioo changu kikubwa cha studio. Mtu anakaa kwenye kigoda, anajiona kiooni yumo katikati ya mali ile yote, na mkononi ana kamba sita. Akivuta moja, kitu kinapanda na kupotea juu. Kwenye kila kamba umefunga karatasi yenye swali lile lile: "Bila hiki, wewe ni nani?"

Kamba ya sita ilikuwa ya koti. Ulilitundika mbele ya kigoda, kwa namna ambayo mtu akikaa anajiona kiooni kama amelivaa.

Sikuelewa chochote. Nilichoona ni kwamba watu wa mji wangu, niliowapiga picha miaka yote, wanacheka chombo changu cha kazi. Na niliona koti alilovaa baba yangu linaning'inia hewani bila mtu ndani. Nikachukua mkasi wa mama mshona nguo aliyekuwa karibu, nikakata kamba zote. Friji, makochi, redio, vyote vikaanguka kwa mpigo, redio ikapasuka. Halafu nikasema lile neno. Nalirudia hapa kwa sababu sitaki kujificha: "Wewe si mwanangu. Mwanangu hawezi kunivua nguo mbele ya watu."

Hukulia. Uliokota vipande, mama yako akakuletea gunia la kahawa, mkavitia humo. Bi Zuhura peke yake ndiye aliyenifuata mpaka nyumbani. Alisema, "Baba Kanisia, wewe umeona watu wanacheka tu. Mimi nilikaa pale. Nilivuta kamba zote, na redio nikaishusha tena. Nikamwambia mtoto, mimi hii naitaka, nimeihangaikia. Akaniambia, sawa mama, ikae. Hakunicheka. Wewe ulimcheka nani?" Nilimjibu vibaya. Nimekwisha kumwomba radhi, na amenipa kwa sharti kwamba nikuombe na wewe.

Maji yakimwagika hayazoleki, nalijua hilo. Lakini mtu anaweza angalau kupiga magoti mahali yalipomwagika.

Juzi, ulipokuwa umekwenda kuchukua cheti chako, nililifungua lile gunia. Nilitaka kuona kama redio inatengenezeka. Chini kabisa nikakuta kikapu kidogo, kimefungwa kitambaa. Nikakumbuka kwamba sikuwahi kuona kilichokuwa nyuma ya koti, kwa kuwa nilikata kabla. Mama yako ndiye aliyenieleza, alipokubali kuwa posta kwa mara ya mwisho: koti likipanda, nyuma yake kulikuwa na kikapu chenye karatasi na penseli. Mtu anaandika kitu kimoja alicho nacho ambacho hakuna duka linaloweza kumuuzia, anakitia humo, anakwenda zake.

Nilizisoma karatasi zote, mwanangu. Nilizisoma hapa nilipokaa. Mmoja ameandika: "Najua kuchimba mashimo ya ngoro mlimani na mvua haijawahi kunichukulia udongo." Mwingine: "Naimba sauti ya pili." Mwingine: "Nimezika watoto wawili na bado naamka." Kuna aliyechora samaki tu, nadhani ni mtu wa ziwani asiyejua kuandika. Na wengi, wengi kuliko nilivyotegemea, wameandika: "Sijui."

Wale wa "sijui" ndio walioniumiza. Wote ni wateja wangu. Wamekaa kwenye kiti hiki nikawaambia geuza kidevu, usicheke, shika hapa, achia hapo. Miaka yote nimewaambia watu wawe nani, kisha nikawauzia jibu likiwa ndani ya bahasha. Wewe uliwapa kamba mkononi, ukanyamaza. Sikujua kwamba kunyamaza nako ni kazi ya mikono.

Basi nikatengeneza fremu yako. Nimefunga kamba mpya, vibiringo nimevipaka mafuta, redio nimeigundisha ingawa ufa unaonekana. Jana, nilipopata nafasi, nilikaa kigodani mbele ya kioo. Nikavuta friji, likapanda. Nikavuta televisheni. Nilipofika kwenye koti mkono ulikataa. Nilikaa na kamba ile mpaka kidole kikafa ganzi. Nikavuta. Nikaona mzee mwenye mvi kifuani, shati lina doa la dawa ya kusafishia picha, na nyuma yake ukuta mtupu. Nilimfahamu. Nilikuwa sijamwona siku nyingi.

Nikachukua karatasi niandike changu, ndipo nikaona kuna moja imekwama kwenye ukindu wa kikapu, imekunjwa mara nne. Nikaikunjua. Mwandiko ni wako. Umeandika: "Mimi ni mtoto wa mpiga picha."

Uliiandika asubuhi, kabla sijafika. Ulikuwa wa kwanza kukaa kwenye kile kigoda, na hicho ndicho ulichosema hakuna duka linaloweza kukuuzia. Mchana nikaja mimi, mbele ya watu, nikakunyang'anya.

Nililia, Kanisia. Mama yako alisikia, akapita dirishani bila kusema kitu, nami nikamshukuru kwa hilo.

Nisamehe. Sina neno jingine lililo kubwa kuliko hilo, na nimelitafuta. Wewe ni mwanangu. Ulikuwa mwanangu nilipokuwa nashika ule mkasi.

Unakokwenda watakufundisha kuchora na kubuni kwa namna ambayo mimi siwezi hata kuiuliza. Mimi ninachokijua ni kimoja, na nimekijua kwa kukikosea. Ukimwekea mtu kitu mbele yake, mwachie nafasi ya kukuambia hapana. Bi Zuhura alishusha redio yake, na kazi yako haikuvunjika kwa hilo. Usiwacheke wanaotaka vitu. Mtu aliyevaa viraka haoni koti kwa jicho la mtu aliyezaliwa nalo. Na utakutana na watu watakaokutaka ukae hivi, ushike hiki, usicheke, wakiamini kabisa wanakupendezesha. Usiwachukie. Mmoja wao ni baba yako.

Nina jambo la mwisho, kisha niweke kalamu, maana jua linashuka na nataka niwashe moto kabla hamjafika.

Leo tangu asubuhi nimekuwa natafuta picha yako ya kutundika hapa ukutani, ya kuangalia wakati hupo. Nimetoa makasha yote. Zipo nyingi, tangu ulipokuwa huwezi kukaa. Hapa umeshika mwanasesere wa studio, unalia kwa sababu nilikuambia utamrudisha. Hapa umevaa viatu vya mtoto wa mteja. Hapa ni komunio ya kwanza, na nyuma yako friji na machungwa yake. Hapa una simu ya mezani iliyokatwa waya. Nimezipanga zote sakafuni, nikazipitia moja moja. Hakuna hata moja ambayo ni wewe tu. Nimempiga picha kila mtu wa wilaya hii, na mwanangu sina.

Nimetia filamu kwenye kamera. Kesho, kabla ya basi, nitakuwa nimeitoa nje uani na kuisimamisha kwenye miguu yake. Hakuna pazia, hakuna koti. Nimefunga ule waya mrefu wa kufyatulia, na ncha yake nitaiacha juu ya kigoda chako. Mimi sitasimama nyuma ya kamera. Sitakuambia geuza kidevu. Ukitaka, ushike waya, usimame unapopenda, na chochote unachotaka kushika au mikono mitupu, ufyatue utakapoona ni wewe. Ukinitaka nisimame pembeni yako, niite, nitakuja nilivyo.

Na kama moyo bado haujatulia, pita tu. Hutakiwi kusema neno. Waya utabaki pale ulipo, nami nitakubebea begi mpaka kituoni.

Baba yako,
mpiga picha